Matumizi ya Mwani wa Kahawia katika Kunasa Risasi na Metali Nyingine Nzito Majini: Uwezo na Mipaka Yake

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi mwani uliokaushwa unavyonasa metali nzito zilizoyeyuka katika maji. Mkazo umewekwa kwenye risasi na kwenye mwani wa kahawia unaoota katika pwani ya Afrika Mashariki. Hoja inayotetewa ni kwamba uwezo wa mwani ni wa kweli, lakini takwimu inayotajwa mara nyingi kuuthibitisha, yaani kiasi cha juu kabisa cha metali kinachonaswa na gramu moja ya mwani, haimwambii mtumiaji wa maji jambo analohitaji kulijua. Aidha, makala inaonesha kwamba sehemu ngumu ya kazi huanza baada ya metali kwisha kunaswa.

1.0 Utangulizi

Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliendesha shughuli zake bega kwa bega na makazi ya watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na shauri hilo likaendelea kwa rufaa hadi Mahakama ya Juu. Risasi iliyowafikia watu wale ilipita katika moshi, katika vumbi na katika maji yenye tindikali yaliyotiririka kutoka kiwandani. Ni njia ya tatu tu inayohusu makala hii. Mtafiti anayezungumzia mwani hana budi kukiri mapema kwamba hakuna mwani unaosafisha vumbi lililokwisha kutua kwenye sakafu ambayo mtoto anatambaa.

Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa mikrogramu 10 za risasi kwa lita moja ya maji ya kunywa. Kwa kadimiamu mwongozo ni mikrogramu 3, na kwa zebaki isiyo ya kikaboni ni mikrogramu 6. Hata hivyo, shirika hilohilo linasisitiza kwamba hakijulikani kiwango chochote cha risasi katika damu ya mtoto kinachoweza kuitwa salama. Risasi huathiri ubongo unaokua, nayo haina ladha, harufu wala rangi inayoweza kumtahadharisha mtekaji maji. Maji meupe pe yanaweza kuwa na risasi mara kumi ya kiwango cha mwongozo, na anayeyachota asijue.

Mbinu zinazotumiwa na viwanda vikubwa kuondoa metali hizo zinajulikana: chokaa ya kugandisha, resini za kubadilishana ayoni, na michujo ya utando. Chokaa ni rahisi kupatikana, lakini huacha mabaki ya metali katika maji. Resini na utando hufanya kazi safi kwa gharama ambayo karakana ndogo haiimudu. Ni katika pengo hilo ndipo mwani ulipoingia katika fasihi ya kitaalamu. Tangu miaka ya 1980, Bohumil Volesky na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walichunguza mabaki ya viumbe mbalimbali wanaoweza kunasa metali, na mwani wa kahawia ukajitokeza mara kwa mara miongoni mwa vinasaji bora. Tangu wakati huo yamechapishwa maelfu ya makala. Mitambo inayofanya kazi hiyo viwandani, kwa upande mwingine, ni michache mno, na tofauti hiyo inahitaji kuelezwa.

2.0 Maneno matatu: risasi, mwani na kunasa

Neno risasi humpeleka msomaji wa leo kwenye bunduki kabla ya kumpeleka kwenye kemia. Katika Kiarabu, lugha ambayo neno hili limetoka, nalo hubeba maana zote mbili, kwa kuwa vitonge vya bunduki vilitengenezwa kwa metali hiyo laini. Katika makala hii risasi ni metali tu: ile iliyomo ndani ya betri ya gari, ambayo zamani ilitiwa pia katika rangi za ukutani na katika petroli.

Mwani, kwa matumizi ya kawaida, ni jina linalobeba mimea ya bahari ya kila aina. Wataalamu huugawa katika makundi makuu matatu kwa rangi: wa kijani, mwekundu na wa kahawia. Mgawanyo huo si wa rangi pekee. Makundi haya yametofautiana sana katika kemia ya kuta za seli zake, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni mwani gani utanasa metali na ni upi utakaoiacha ipite.

Neno la tatu ni kunasa. Waandishi wengi hutumia kufyonza kwa kila jambo linaloondoa kitu majini. Kufyonza ni kama kitambaa kinavyonywa maji, ambapo kitu huingia ndani na kuenea. Kunasa ni kazi ya ulimbo: ndege hutua juu ya kijiti, miguu yake ikashikwa, naye akabaki mzima palepale hadi mtegaji aje kumbandua. Metali hukutana na mwani mkavu kwa namna hii ya pili. Inashikwa kwenye sehemu maalumu za ukuta wa seli, haibadiliki kuwa kitu kingine, na inaweza kubanduliwa. Sifa hiyo ya kubanduka itarudi baadaye katika makala hii ikiwa na sura mbili, ya faida na ya hatari.

Ikumbukwe pia kwamba mwani unaozungumziwa hapa umekufa. Mwani hai hukusanya metali kutoka baharini polepole, ndiyo maana wataalamu wa mazingira huutumia kama shahidi wa uchafuzi: wanaupima ili wajue maji yaliyouzunguka yalikuwa na nini. Lakini kiumbe hai hudhurika na metali zilezile anazozikusanya, na huhitaji mwanga, chumvi na joto linalomfaa. Mwani mkavu hauhitaji chochote kati ya hivyo. Unasagwa, unatiwa katika bomba, na kuta za seli zake huendelea kunasa ingawa uhai umekwisha kutoka.

3.0 Kilichomo katika ukuta wa seli

Mwaka 1881, mkemia E. C. C. Stanford alieleza dutu aliyoitoa katika mwani wa kahawia wa Uskoti, ambayo leo huitwa alijineti. Dutu hii ni mnyororo mrefu wa sukari, nayo huweza kufikia kati ya asilimia 10 na 40 ya uzito mkavu wa mwani wa kahawia. Kila kiungo cha mnyororo hubeba kikundi cha kaboksili, ambacho katika maji yasiyo na tindikali kali huwa na chaji hasi. Ayoni za metali zina chaji chanya. Mpaka hapo hakuna ajabu: hasi na chanya huvutana, na kama jambo lingeishia hapo, mwani ungenasa kila metali kwa usawa na usingekuwa na faida kubwa kwa mtu yeyote, maana maji ya kawaida yamejaa kalisiamu, magnesiamu na sodiamu.

Kinachoipa alijineti thamani yake ni umbo. Viungo vya mnyororo ni vya aina mbili, na pale ambapo viungo vya aina ya guluroniki vimefuatana, mnyororo hujikunja kwa mikunjo midogo inayolingana. Minyororo miwili ya namna hiyo ikielekeana hufanya safu ya vishimo. Mwaka 1973 Grant na wenzake waliufananisha mpangilio huo na trei ya mayai, na mfano huo unamfaa sana msomaji wetu, aliyewahi kuona trei hizo zikifungwa nyuma ya baiskeli. Kila kishimo hupokea yai moja, yaani ayoni moja yenye chaji mbili. Ayoni ya magnesiamu ni ndogo na imejifunika maji kwa nguvu, hivyo haikai vizuri kishimoni. Kalisiamu hukaa. Risasi hukaa vizuri zaidi ya kalisiamu, kiasi kwamba ikifika humtoa mwenzake na kuchukua nafasi.

Kwa hiyo kinachotokea ni mabadilishano. Mwani unaotoka baharini haufiki ukiwa na vishimo vitupu. Umejaa kalisiamu, magnesiamu na sodiamu ya maji ya chumvi. Maji yenye risasi yanapopita, risasi huingia na kalisiamu hutoka. Mtafiti anayepima kalisiamu katika maji yanayotoka upande wa pili huiona ikiongezeka kadiri risasi inavyopungua, na huo ni ushahidi mzuri kwamba mwani unafanya kazi inayosemwa, wala metali haijagandia tu kwenye ukuta wa chombo.

Kwa alijineti, risasi na shaba hutangulia katika mpangilio wa upendeleo, kisha kadimiamu, na kalisiamu hufuata. Nikeli, kobalti na zinki huja nyuma ya kalisiamu, na magnesiamu ni ya mwisho. Mpangilio huu unastahili kusomwa kwa makini kuliko jedwali lolote la uwezo. Unaeleza kwamba katika maji magumu ya visima vya pwani, yaliyopita katika mawe ya matumbawe na kubeba kalisiamu nyingi, risasi bado itanaswa, ila zinki na nikeli zitashindania nafasi na mpinzani aliye mwingi na mwenye nguvu kuzishinda.

4.0 Mwani upi?

Swali hili huulizwa mara moja na kila mtu wa Zanzibar. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wakulima wake wengi ni wanawake. Aina zilizoletwa ni mbili, zinazoitwa katika biashara spinosum na cottonii. Ya pili ndiyo yenye bei nzuri, nayo imekuwa ikifa mashambani kadiri maji ya kina kifupi yanavyozidi kupata joto. Inaeleweka, basi, kwa nini matumizi mapya yoyote ya mwani hupokelewa kwa matumaini.

Kwa bahati mbaya, aina zote mbili ni za mwani mwekundu. Ukuta wa mwani huo haujengwi kwa alijineti bali kwa karajinani, inayobeba vikundi vya salfeti. Vikundi hivyo vina chaji hasi hata katika tindikali, lakini huzishika ayoni kwa ulegevu na bila kuchagua sana, tena karajinani huyeyuka maji yakipata moto. Spinosum itaondoa risasi kiasi fulani. Haitaiondoa kwa kiwango cha mwani wa kahawia. Kwa maoni ya mwandishi, kumwambia mkulima wa Jambiani kwamba zao lake lina soko jipya la kusafisha maji ni kumpa ahadi ambayo kemia haiungi mkono. Zaidi ya hayo, mwani wake unauzwa kwa ajili ya chakula na vipodozi. Haufai kuhusishwa, hata kwa jina, na sumu.

Mwani unaofaa ni ule ambao hakuna anayeupanda. Sargassum na Turbinaria huota kwenye miamba na matumbawe ya Tanzania na Kenya. Ya kwanza hujulikana kwa vibofu vyake vidogo vya hewa, ya pili kwa majani yake magumu yenye umbo la tarumbeta. Katika misimu ya upepo mkali mwani wa kahawia hung'olewa na kutupwa ufukoni pamoja na majani mengine ya bahari, ukaoza na kuwakera wenye mahoteli. Kuukusanya mwani uliokwisha kutupwa hakuharibu mazalia ya samaki. Kuukata ule unaoota kunayaharibu, na mpango wowote utakaotegemea kukata utakuwa umehamisha madhara kutoka mtoni kwenda baharini.

Mwani wa ufukoni nao hautumiki bila kupimwa. Tangu mwaka 2011 fukwe za Karibiani, na hata baadhi ya fukwe za Afrika Magharibi, zimekuwa zikipokea malundo makubwa ya Sargassum inayoelea, na vipimo vyake vimeonesha aseniki nyingi. Mwaka 2004 mamlaka ya chakula ya Uingereza iliwaonya walaji waache kula hijiki, mwani unaopendwa Japani, kwa sababu hiyohiyo ya aseniki. Hijiki nayo ni Sargassum. Jenasi ileile inayosifiwa kwa kuondoa risasi inaweza, isipooshwa na kupimwa, kuyatia maji aseniki ambayo hayakuwa nayo.

5.0 Tindikali kwanza

Maji machafu ya betri kuukuu yamejaa tindikali ya salfuriki. Katika hali hiyo mwani haunasi karibu chochote, kwa kuwa protoni, ambazo ni ayoni za haidrojeni, hukalia vikundi vya kaboksili na kuvifuta chaji. Kazi nzuri ya kunasa risasi hufanyika pH ikiwa kati ya 4 na 6. Chini ya 2 au 3 uwezo huporomoka. Juu ya 6 risasi huanza kuganda yenyewe, na mtafiti asiye mwangalifu huuhesabia mwani kazi iliyofanywa na mgando. Makosa ya namna hii yamo katika makala zilizochapishwa, na msomaji wa tasnifu anapaswa kutazama pH kabla ya kutazama asilimia.

Utaratibu unaofaa, kwa hiyo, ni kutanguliza chokaa. Chokaa huua tindikali na kugandisha sehemu kubwa ya risasi, ambayo hutulia chini kama tope na kuondolewa. Mwani hupewa mabaki: ile risasi kidogo iliyobaki majini, ambayo chokaa haikuiweza na ambayo bado inazidi mwongozo. Mwani ni wa kumalizia kazi. Anayeuweka mstari wa mbele atautupa ndani ya saa moja.

6.0 Kile ambacho takwimu kubwa haisemi

Makala nyingi kuhusu mada hii huhitimishwa kwa takwimu moja. Hutajwa kwamba gramu moja ya Sargassum kavu imenasa risasi kiasi cha miligramu 200 au zaidi, yaani takriban moja ya tano ya uzito wake. Takwimu hiyo ni ya kweli, na kwa kitu kilichookotwa ufukoni ni kubwa mno. Huwekwa kwenye jedwali pamoja na maganda ya ndizi, pumba za mpunga na makaa, kisha mwani hutangazwa mshindi. Hapo ndipo msomaji asiye mtaalamu hupotoshwa, ingawa hakuna aliyesema uongo.

Kiasi hicho cha juu hupatikana katika maji yaliyochanganywa maabara, yenye risasi miligramu mamia kwa lita. Uhusiano kati ya risasi iliyobaki majini na risasi iliyonaswa hufuata, kwa ukaribu wa kutosha, mlingano uliotolewa na Irving Langmuir mwaka 1918. Mlingano huo unasema kwamba nafasi hujaa taratibu: risasi ikiwa nyingi majini, karibu kila kishimo hupata yai, ikiwa chache, vishimo vingi hubaki na kalisiamu yake. Kiasi kinachonaswa hutegemea basi vitu viwili, idadi ya vishimo na nguvu ya kushika. Jedwali la washindi hutaja la kwanza na kuliacha la pili.

Tuchukue mfano wa hesabu, usio wa kipimo cha mahali popote. Mwani una uwezo wa juu wa miligramu 200 kwa gramu, na kigezo chake cha nguvu ya kushika ni lita 0.1 kwa miligramu. Tuna tangi la lita 1,000 zenye risasi miligramu 0.1 kwa lita, yaani mara kumi ya mwongozo. Risasi yote iliyomo ni miligramu 100. Kwa takwimu ya jedwali, nusu gramu ya mwani ingetosha kuimaliza. Sasa tufuate mlingano. Tunataka maji yabaki na miligramu 0.01 kwa lita. Katika maji masafi kiasi hicho, gramu moja ya mwani hushika miligramu 0.2 tu, sehemu moja ya elfu ya uwezo unaotangazwa. Ili kuondoa miligramu 90 tunahitaji gramu 450 za mwani, karibu nusu kilo, zikitiwa ndani ya tangi na kukorogwa.

Kati ya nusu gramu na nusu kilo pana mara mia tisa. Mradi uliopangwa kwa takwimu ya kwanza utashindwa kijijini, na lawama zitaenda kwa mwani.

Mfano huohuo unaonesha pia njia ya kutokea. Badala ya kuutia mwani ndani ya tangi, tuupakie katika bomba la wima na kuyapitisha maji polepole. Mwani ulio mdomoni mwa bomba sasa hukutana na maji machafu yanayoingia, siyo na maji yaliyokwisha kusafishwa. Katika miligramu 0.1 kwa lita, gramu moja hushika karibu miligramu 2. Kwa hali bora kabisa, lita zilezile 1,000 zinahitaji takriban gramu 50. Mwani ni uleule na maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni mpangilio, na mahitaji yamepungua mara tisa. Ni vigumu kupata sababu nyepesi zaidi ya kumshawishi mtafiti aache vyupa vya kutikisa na kwenda kwenye bomba, lakini tafiti za vyupa bado ni nyingi kuliko za mabomba, kwa kuwa chupa hutoa majibu kwa siku moja.

Bomba lina masharti yake. Mwani husagwa uwe chembe za nusu milimita hadi milimita moja. Unga laini huziba njia ya maji. Huoshwa kwa myeyuko wa chumvi ya kalisiamu ili alijineti isiyeyuke na kuyafanya maji kuwa mazito na ya kahawia. Unasaji wenyewe ni wa haraka, sehemu kubwa ikitokea katika nusu saa au saa moja ya kwanza, hivyo maji hayahitaji kusubiri siku. Sharti gumu ni jingine: bomba lililojaa halisemi. Siku vishimo vinapokwisha, risasi hutokea upande wa pili huku maji yakiwa na sura na ladha ileile ya jana. Wenyeji wa Arusha na Kilimanjaro, ambako maji yana floridi nyingi na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulikia uchujaji kwa mkaa wa mifupa, wanalijua tatizo hili kwa uzoefu. Kichujio kilichochoka humpa mtumiaji imani ambayo asingekuwa nayo kama hangekuwa na kichujio kabisa. Kwa sababu hiyo mwandishi haoni mahali pa mwani jikoni, kwenye ndoo ya familia. Mahali pake ni mlangoni mwa karakana inayochafua, penye mtu anayepima na kuandika.

7.0 Metali zisizonaswa

Aseniki katika maji husafiri ikiwa sehemu ya ayoni zenye chaji hasi, au bila chaji, na mwani nao una chaji hasi; havishikani. Kromiamu sita nayo ni hivyo, ingawa katika tindikali mwani huweza kuibadili kuwa kromiamu tatu, ambayo hunaswa.

Zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, katika mikoa kama Geita na Mara, huhitaji maneno zaidi kwa sababu huulizwa kila mara. Mchimbaji huichanganya zebaki na mchanga ili ishikamane na dhahabu, kisha huuchoma mchanganyiko huo. Sehemu moja hupaa kama mvuke, ambao huvutwa na aliyeketi karibu. Nyingine hubaki katika mabaki ya mchanga kama matone madogo mno, na polepole vijidudu vya matope huigeuza kuwa zebaki ya kikaboni inayopanda hadi kwa samaki. Hiyo ndiyo aina ya zebaki iliyowaua na kuwalemaza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Katika mwendo wote huo ni kidogo sana kinachopita kikiwa ayoni iliyoyeyuka, na ayoni iliyoyeyuka ndiyo pekee inayoweza kupita kwenye bomba la mwani na kunaswa. Kifaa cha kuudaka mvuke wakati wa kuchoma kitamkinga mchimbaji kuliko shehena nzima ya Sargassum.

8.0 Baada ya kunaswa

Mwani uliojaa risasi unafanana kabisa na mwani usio na kitu. Katika vijiji vya pwani mwani wa ufukoni hutiwa shambani kama mbolea, na mbuzi huula kwa ajili ya chumvi yake. Lundo la mwani uliotumika, likitupwa nyuma ya karakana, litaliwa au litachukuliwa na mtu mwenye nia njema anayetafuta mbolea. Mvua yenyewe haiitoi risasi kwa urahisi, lakini tindikali ya tumbo huitoa, kwa kanuni ileile ya protoni iliyoelezwa katika sehemu ya 5.0. Risasi iliyokuwa imetawanyika katika lita elfu moja sasa imo ndani ya konzi chache, na anayeila huipokea yote kwa pamoja.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotumika kuusafisha mwani. Tindikali ya haidrokloriki iliyozimuliwa, ya moli 0.1 kwa lita, ikipitishwa polepole katika bomba, hubandua risasi na kuikusanya katika lita chache za myeyuko mzito. Mwani hurudishiwa kalisiamu na kutumika tena, kwa mizunguko kadhaa, ukipoteza uzito kidogo kila mara kwa kuwa sehemu ya dutu zake huyeyuka. Tindikali hiyo hununuliwa, hutunzwa, na mtu huvaa glavu kuishika. Tunaposema mwani ni wa bei nafuu, bei hii mara nyingi haimo katika hesabu. Resini za viwandani pia husafishwa kwa namna hii, lakini kila gunia la resini linafanana na jingine, wakati mwani wa msimu mmoja hutofautiana na wa msimu ujao kwa kiasi cha alijineti. Hiyo, pamoja na tindikali, ndiyo sababu kubwa iliyozuia teknolojia hii isivuke malango ya maabara kwa kasi iliyotarajiwa katika miaka ya 1990.

Myeyuko mzito unaobaki ukitiwa soda ya magadi, risasi huganda kama unga mweupe wa kabonati. Unga huo ni malighafi: tanuri linaloyeyusha betri kwa kufuata sheria linaweza kuupokea pamoja na risasi nyingine. Mwani uliochoka kabisa huwekwa kwenye pipa lenye kifuniko, likaandikwa kwa herufi kubwa kilichomo na tarehe, likapelekwa kunakopokelewa taka hatarishi. Hauchomwi jikoni wala kwenye shimo la taka, kwa sababu metali haiungui: sehemu yake hupanda na moshi, na nyingine hubaki katika majivu.